Mji wa Miezi Sita

Mtu aliyezaliwa Ndera, kando ya Mto Tana, hahitaji kufundishwa kwamba mahali pamoja paweza kuwa mahali pawili katika mwaka mmoja. Wakati wa mvua wafugaji hutawanyika nyikani, kila mmoja na mifugo yake, kwa kuwa maji yako kila upande. Mtoni husalia wakulima na mashamba yao na mitumbwi yao. Kiangazi kikishika, madimbwi ya nyikani hukauka, na ng'ombe huanza kuteremka mtoni kwa njia zinazojulikana tangu enzi za mababu, ambazo kwa lugha ya Waorma huitwa malka. Hapo ndipo maziwa na samli hukutana na mahindi na ndizi. Na hapo pia ndipo magomvi huzuka, ikiwa ng'ombe wameingia shambani, au mkulima amelima juu ya njia ya maji. Mvua ikirudi watu huagana, na malka hubaki na alama za kwato tu.

Nilipokuwa nikiwafundisha vijana wa kidato cha pili habari za biashara ya kale, nilianza na malka, kisha nikawachukua kwa maneno mpaka Berbera. Naomba kukuchukua wewe msomaji kwa njia ile ile, maana sijaona iliyo fupi zaidi.

Berbera ni bandari katika pwani ya kaskazini ya nchi ya Wasomali, nayo inatazamana na Aden ng'ambo ya ghuba. Hapo palikuwa na gulio la kila mwaka, ambalo katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 lilikuwa mojawapo ya magulio makubwa ya upande huu wa Afrika. Tangu Oktoba hata mwanzo wa Aprili palikuwa na mji wa watu wapatao 20,000. Tangu Aprili hata Oktoba hapakuwa na mji. Sisemi kwamba mji ulipungua, wala kwamba ulilala, nasema haukuwapo. Palikuwa na mchanga, na visima, na wanyama wa mwitu.

Yafaa tuulize kwa nini watu waliojua biashara namna hiyo hawakujenga mji wa kudumu. Jibu liko katika mambo mawili ambayo hapana mfalme awezaye kuyaamuru, nayo ni upepo na milima.

Sisi ambao mto wetu humwagika baharini Kipini twajua kaskazi na kusi. Kaskazi huleta vyombo kutoka Bara Hindi na Ghuba ya Uajemi mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Kusi huvirudisha kwao. Katika Ghuba ya Aden desturi ya pepo ni hiyo hiyo, ila majira ya kusi huko ni makali kupita kiasi. Joto la mchana hupanda kupita nyuzi 40, na upepo uitwao kharif hushuka kutoka bara kwa nguvu, umebeba mchanga, hata macho hayafumbuki. Wasomali wenyewe huuita uwanda ule wa pwani Guban, maana yake mahali palipoungua. Nahodha mwenye akili hakuwa na haja ya kutia nanga hapo mwezi wa Julai.

Nyuma ya uwanda huo imesimama milima ya Golis. Mtu akipanda kwa njia ya mji wa Sheikh, anafika nchi iliyoinuka karibu mita 1,400 juu ya bahari, yenye hewa baridi na malisho. Huko juu mvua kubwa hunyesha tangu Aprili, wakati pwani inapoanza kuwa tanuri. Akiendelea mbali zaidi upande wa magharibi na kusini, siku nyingi kwa mwendo wa ngamia, anafikia milima ya Harar, mji wa kale wa Kiislamu wenye kuta za mawe, ulio karibu mita 1,900 juu ya bahari, ambao kahawa yake ilikuwa na sifa kubwa Arabuni. Mji huo ulikuwa na amiri wake, na fedha yake, na wanazuoni wake; jambo ambalo haukuwa nalo ni bahari. Palikuwa na msemo kwamba mwenye kuitawala Berbera ameshika ndevu za Harar mkononi mwake. Ndevu huwezi kuzikata kwa hasira bila kujidhuru wewe mwenyewe, na Berbera vilevile: bila mizigo ya milimani ilikuwa pwani tupu.

Sasa angalia jinsi mambo hayo mawili yalivyopatana. Miezi ambayo kaskazi inaleta vyombo ndiyo miezi ambayo nchi ya juu imekauka, na pwani imepoa na kupata mvua chache. Mfugaji wa milimani alikuwa na sababu ya kushuka, na baharia wa ng'ambo alikuwa na sababu ya kuja, na wote wawili walikuwa na sababu ya kuondoka wakati mmoja. Gulio la Berbera halikuundwa na mtu. Lilitokea kwa sababu njia mbili za watu zilikutana kila mwaka mahali penye bandari nzuri. Bandari hiyo imekingwa na ulimi wa mchanga unaoingia baharini, na chombo kikiwa ndani yake kimetulia. Kitabu cha Kiyunani cha mwongozo wa mabaharia, kilichoandikwa katika karne ya 1, chataja katika pwani hiyo bandari iitwayo Malao, iliyokingwa na ulimi wa nchi, ikiuza manemane, na ubani, na mara chache watumwa. Wataalamu wengi hudhani kwamba Malao ndiyo Berbera. Neno lile la mwisho katika orodha naomba ulikumbuke, tutalirudia.

Habari nyingi tulizo nazo kuhusu gulio lenyewe zatoka kwa maafisa wa Kiingereza waliokaa Aden baada ya mwaka 1839, walipouteka mji huo. Walikuwa na haja zao, na mara nyingi waliwatazama Wasomali kwa dharau. Kwa hiyo tuzisome habari zao kwa hadhari. Lakini walikuwa na macho, na mmoja wao, Cruttenden, afisa wa jeshi la majini la Bara Hindi, aliandika mwaka 1848 mambo aliyoyaona mwenyewe. Nitayasimulia kwa maneno yangu.

Majira yakigeuka, watu wa bara ndio waliotangulia. Walishuka pwani na ngamia zao, wakasimamisha vibanda vya miti na mikeka kwa ajili ya wageni ambao hawajaonekana bado. Kisha mashua ndogo za bandari za Yemeni zilivuka kwa haraka, ili zinunue kabla bei haijapanda. Baada ya wiki mbili tatu vikaja vyombo vikubwa zaidi vya Maskati, na Sur, na Ras al-Khaimah. Nyuma yao mabagala ya Bahrein, na Kuwait, na Basra, yamesheheni mali. Mwisho kabisa waliingia Mabanyani wa Porbandar, na Mandvi, na Bombay, katika kotia zao nzito, wametundika ubavuni safu za mitungi mitupu ya kutilia samli. Walikuwa wa mwisho kufika, lakini kwa ubishi na kusukumana walijipatia nafasi ya mbele bandarini. Kila mwalimu aliyepata kusimamia foleni ya chakula shuleni anawajua watu wa namna hiyo.

Mizigo iliyoshuka kutoka milimani na nyikani ilikuwa samli, ngozi, ubani, manemane, gundi ya miti, manyoya ya mbuni, pembe za ndovu, kahawa ya Harar, pamoja na kondoo na ng'ombe waliotembea kwa miguu yao wenyewe. Vitu vilivyopanda vilikuwa nguo, mchele, tende, chuma, shanga, na tumbaku. Miongoni mwa nguo hizo ilikuwamo ile ya pamba iliyofumwa viwandani Marekani, ambayo bibi zetu waliiita merikani. Misafara ya ngamia iliingia na kutoka usiku na mchana. Na katika kuingia na kutoka kule, aghalabu wanawake ndio walioiongoza mpaka nje ya mji. Jambo hilo Cruttenden alilipitia kwa maneno machache tu. Mimi ningependa angesema zaidi, kwa maana mtu hawezi kuongoza safu ya ngamia kati ya watu 20,000 na mizigo yao bila kuwa stadi wa kazi hiyo.

Hapo ndipo kijana mmoja darasani mwangu aliponyosha mkono akauliza: "Mwalimu, na polisi wao walikuwa nani?"

Hawakuwako. Berbera wakati wa gulio haikuwa na mfalme, wala liwali, wala mahakama, wala askari wa doria. Ardhi ilikuwa ya Wasomali wa kabila la Habr Awal, lakini hapakuwa na mkuu mmoja aliyetiiwa na wote. Sheria ilikuwa desturi ya zamani, na nguzo ya desturi hiyo ilikuwa mtu mmoja aliyeitwa abani.

Kila mgeni aliyeshuka pwani, awe Mwarabu, au Mhindi, au mtu wa Harar, au Msomali wa kabila la mbali, ilimpasa kwanza kuchagua abani miongoni mwa wenyeji. Tangu saa ile abani alikuwa mdhamini wake. Alimwonyesha mahali pa kukaa, akamfasiria lugha, akamtafutia wanunuzi na wauzaji, akasimama kati yake na kila mwenye madai. Mgeni akiibiwa, aibu ni ya abani. Mgeni akiuawa, damu yake ni juu ya abani na ukoo wake wote, nao hawakuwa na budi kuitafuta kisasi kama damu ya ndugu. Kwa ajili hiyo abani alipewa ujira na sehemu ya faida katika kila biashara. Kwa hiyo tusimfikirie kuwa ni mtu wa sadaka. Alikuwa dalali, na mkalimani, na mlinzi, na wakili, naye alilipwa kwa kazi zote nne.

Desturi hii si ngeni kwetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wakiliendea jahazi kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara akishuka, alikaa kwa mwenyeji huyo, naye ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Neno letu la mwenyeji limebeba maana hiyo hiyo katika miji mingi ya pwani. Mgeni asiye na mwenyeji ni mtu asiye na mlango.

Kwa desturi hiyo watu ambao mahali pengine wangechinjana waliketi mkeka mmoja. Wafugaji wa Gadabursi walikuja na mikuki yao wakauza manyoya na gundi kwa Mabanyani, ambao hata nyama hawali. Banyani naye alikuwa na hadhari zake. Alilala chomboni, si nchi kavu. Pwani alitandaza mali kidogo kidogo chini ya mkeka mbovu. Na kilemba chake alikiacha sandukuni, kwa kuwa kingeangushwa kichwani mara tu kionekanapo. Basi amani ile haikuwa amani ya mapenzi. Ilikuwa amani ya watu wenye haja.

Magomvi yalikuwapo kila siku, na mengine yaliamuliwa kwa mkuki na jambia. Ila wagomvi hawakupigana sokoni. Kwa desturi walitoka, wakaenda mbali kidogo pwani, wakapigana huko ili biashara isisumbuliwe. Nilipowaeleza vijana jambo hilo walicheka, nami nilicheka nao. Lakini lifikirini. Watu wale walikuwa na hasira ya kutosha kuuana, na bado hasira hiyo ilitembea hatua mia kadhaa kwa miguu kabla ya kuruhusiwa kutoka. Nimeona mikutano ya kisasa, yenye mwenyekiti na katibu na kengele mezani, isiyoweza kufanya hivyo.

Sasa sina budi kulirudia lile neno la kitabu cha Kiyunani.

Katika misafara iliyoshuka kutoka Harar na nchi za mbele yake hawakuwamo ngamia na ng'ombe peke yao. Walikuwamo watoto. Cruttenden aliwaona wakifika makundi makundi, wamechoka kwa safari, wamejaa vumbi. Wengi walikuwa wametekwa au kununuliwa katika nchi za ndani, kama nchi ya Wagurage, wakaletwa kwa miguu kupita milima na uwanda ule ulioungua. Na pwani mfanyabiashara aliyewaleta alikutana na mwenzake wa Basra, au Baghdad, au Bandar Abbas, wakapatana bei. Hayo yalifanyika mahali pale pale, katika miezi ile ile, chini ya desturi ile ile niliyoisifu.

Mwalimu anayesimulia gulio la Berbera huvutwa na moyo wake kuliacha jambo hili pembeni, au kulitia katika sentensi moja mwishoni, kwa sababu linaharibu hadithi nzuri. Mimi naona kwamba hapa ndipo tunapoielewa desturi ya abani sawasawa. Kila mgeni Berbera alikuwa na mtu wa kumjibia. Mwarabu alikuwa naye, Mhindi ambaye kilemba chake kilichukiwa alikuwa naye, mfugaji wa kabila adui alikuwa naye. Mtoto wa Kigurage alikuwa mgeni kuliko hao wote, maana hakuna mtu pale aliyekuja kwa kukosa hiari kama yeye; naye hakuwa na abani. Abani alikuwa wa yule aliyemmiliki. Ulinzi wa gulio ulinunuliwa kwa sehemu ya faida, na mtoto yule hakuwa na faida ya kugawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa faida ya watu wengine. Amani ya Berbera ilimlinda mwuzaji wake asinyang'anywe.

Kwa kuwa uabani ulikuwa na pato kubwa, ulizaa uhasama miongoni mwa wenyeji wenyewe. Koo mbili za Habr Awal, Ayyal Yunis na Ayyal Ahmed, ziligombania haki ya kuwapokea wageni wa Berbera kwa miaka mingi. Katika ugomvi huo alijiingiza Haji Sharmarke Ali Saleh, tajiri wa Kisomali aliyekuwa gavana wa Zeila. Katika miaka ya 1840 alijaribu kuitia Berbera mkononi mwake, akaweka askari wenye bunduki ndani ya ngome ndogo. Hakudumu, kufika mwaka 1852 alikuwa amekwisha fukuzwa. Gulio lilimmeza kila aliyetaka kulimiliki, kwa kuwa nguvu yake ilikuwa katika watu wasioishi hapo.

Kisha ukaja mwaka 1855. Richard Burton, afisa wa Kiingereza mwenye ujasiri na kiburi kwa kadiri moja, alikuwa ameingia Harar tarehe 3 Januari akakaa siku 10 mbele ya Amiri Ahmad, asijue kama atatoka salama. Alitoka. Mwezi wa Aprili alirudi Berbera na maafisa wenzake watatu, Speke, Herne na Stroyan, pamoja na askari na watumishi wapatao 40, kwa nia ya kusafiri ndani ya bara. Wangeweza kufuatana na msafara mkubwa wa Ogaden uliokuwa ukirudi kwao. Hawakufanya hivyo, kwa maana walikuwa wakingoja barua na vyombo vya kupimia kutoka Uingereza kwa njia ya Aden. Basi wakapiga hema zao karibu na pwani wakatazama gulio likivunjika. Mvua za kwanza zilianguka, vibanda vikashushwa, mikeka ikafungwa juu ya ngamia, majahazi yakatweka tanga matatu matatu na manne manne. Katikati ya mwezi wale maelfu walikuwa wamekwenda zao, na wageni wale walibaki katika mahali ambapo siku chache nyuma palikuwa mji.

Jioni ya tarehe 18 Aprili mashua moja kutoka Aden ilitia nanga. Burton aliamuru mabaharia wapewe chakula cha usiku, nao kwa hiyo wakangoja mpaka asubuhi. Alfajiri ya tarehe 19, kabla ya kupambazuka, wapiganaji wa Kisomali waliishambulia kambi. Stroyan aliuawa. Speke alikamatwa, akachomwa mkuki mara nyingi, akaponyoka kwa kukimbia. Burton mwenyewe alipigwa mkuki ulioingia shavu moja ukatokea la pili, akakimbilia pwani nao ungali umekwama. Walionusurika waliokolewa na mashua ile iliyocheleweshwa na chakula cha jioni.

Sababu za shambulio hilo zimebishaniwa tangu siku ile. Wako wanaosema ni nyara tu. Wengine, na Burton mmoja wao, walitaja hofu ya wenyeji kwamba Waingereza wangepiga marufuku biashara ya watumwa na kuwanyang'anya uabani wa bandari. Mimi naongeza jambo moja tu ambalo mtu wa malka atalifahamu mara moja. Katika miezi ya gulio, kila mtu pwani pale alikuwa na hasara ya kuogopa ikiwa mgeni angeuawa, maana vyombo visingerudi mwaka wa pili. Tarehe 19 Aprili watu hao hawakuwapo tena. Burton alisoma lugha nyingi, lakini kalenda ya Berbera hakuisoma vema.

Waingereza walijua mahali pa kuwaumiza Habr Awal. Walipeleka manowari, wakaifunga bandari ya Berbera, wakadai wauaji watolewe. Gulio likazuiwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1856 mapatano yalitiwa sahihi, na miongoni mwa masharti yake lilikuwamo la kukomesha biashara ya watumwa katika Berbera. Hivyo wale watoto walipata kuandikwa katika mkataba, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyetajwa kwa jina. Tusiwape Waingereza sifa zaidi ya haki yao: walifunga bandari kwa ajili ya afisa mmoja aliyeuawa, si kwa ajili ya watoto waliopita hapo kila mwaka mbele ya macho ya Aden. Lakini sharti liliandikwa.

Gulio lenyewe halikufa kwa siku moja. Aden ilikuwa na askari wengi waliokula nyama kila siku, si wakati wa kaskazi tu, na kondoo wa Berbera ndio waliokuwa karibu. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, meli za moshi zikawa nyingi katika ghuba, nazo hazingoji upepo. Katika miaka ya 1870 Khedive Ismail wa Misri alipeleka watu wake wakaishika Berbera. Wamisri hao walijenga gati, na msikiti, na mnara wa taa, wakaleta maji mpaka mjini kutoka chemchemi za Dubar chini ya milima. Nadhani maji hayo yalifanya kazi kubwa kuliko bendera yao. Mtu aliyekuwa na maji safi na nyumba ya mawe aliweza sasa kuuvumilia mwezi wa Julai, akaona hasara kuondoka. Mwaka 1884 Wamisri waliondoka, Waingereza wakaingia, na Berbera ikawa makao makuu ya serikali yao mpaka Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa sasa na gavana, na forodha, na polisi. Abani hakuhitajiwa tena pwani, ijapokuwa safarini bara watu waliendelea kumtafuta.

Zamani, kabla ya hayo, wiki ya kwanza ya Aprili ilikuwa hivi. Majahazi ya Sur ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kung'oa nanga. Walioondoka kwenda milimani walizikusanya fito za vibanda vyao, wakazipanga vizuri pwani kwa ajili ya mwaka ujao, wakaziacha bila mlinzi. Penginepo palijaa mifupa ya ngamia na kondoo waliochinjwa. Wanyama wa porini, walipoona kumenyamaza, waliteremka baharini. Simba walikuja kunywa katika kisima cha mji, na Cruttenden asema kwamba wiki moja tu baada ya gulio kwisha aliona mbuni watatu wakitembea ufukoni polepole, bila haraka yoyote.

Leo mbuni hao hawapo, na Berbera ni bandari yenye winchi kubwa na makasha ya chuma, ambayo mifugo yake husafirishwa kwa wingi kwenda Saudi Arabia unapokaribia mwezi wa hija. Lakini kiangazi kikifika, na kharif ikianza kupiga madirisha, wenyeji wengi wenye uwezo hufunga milango ya nyumba zao, hupakia watoto na magodoro katika magari, na kupanda Sheikh na Hargeisa mpaka upepo ugeuke.